Yule Tuliyemtoa Nje: Wanawake, Magonjwa ya Zinaa na Kanisa katika Mbulu na Hanang'

Katika wilaya zetu za Mbulu na Hanang', mambo ya mwili wa mwanamke yalikuwa na mahali pake pa kusemewa kabla Injili haijafika. Tunaanza hapo kwa sababu wengi wetu tumezoea kudhani kwamba bibi zetu hawakufundishwa lolote, na kwamba mafundisho yalianza na katekisimu. Si kweli. Mafundisho yalikuwapo na hukumu ilikuwapo. Ukatili nao ulikuwapo, na hatutauficha. Lakini tukitaka kuelewa kwa nini leo mama wa usharika anaona heri aumwe miezi sita kuliko kumwambia mtu kwamba anawashwa na kutokwa na uchafu, yatupasa kwanza tujue ukimya huu ulitoka wapi.

Mahali pa wanawake

Kwa Wairaqw kulikuwa na marmo. Wasichana waliokuwa wakivuka kuingia utu uzima waliwekwa ndani kwa miezi, mbali na macho ya wanaume, wakafundishwa na wanawake wazima. Walifundishwa adabu, nyimbo, kazi za nyumba, na pia siri za ndoa na uzazi. Desturi hiyo ilikoma kabla ya uhuru, na leo hata bibi zetu wanaijua kwa kusimuliwa tu.

Kwa Wadatoga, na hasa Wabarabaig wanaouzunguka mlima Hanang', kulikuwa na baraza la wanawake. Mtafiti Mmarekani George Klima, aliyeishi kati yao na kuandika habari zao katika miaka ya 1960 na 1970, alishangaa kuona kwamba wanawake wa jamii ya wafugaji, ambako ng'ombe ni mali ya mume, walikuwa na mamlaka ya kumhukumu mwanaume. Mume aliyemdhalilisha mkewe katika mambo ya uzazi, au aliyevunja miiko ya nyumba ya mama aliyejifungua, aliweza kuitwa na wanawake wakakaa kikao na kumtoza ng'ombe dume. Haikuwa rahisi kwa mwanaume kukaidi hukumu hiyo.

Basi kulikuwa na mahali ambapo mwanamke aliweza kusema, "Mume wangu amenifanyia hivi," na wenzake wakamsikia.

Lakini tuseme na upande wa pili. Jamii zetu zote mbili zilikuwa na miiko mizito ya unajisi. Wadatoga huiita metida: mambo ya kifo, ya damu na ya uzazi ulioharibika yalimweka mtu kando, asichangamane na watu wala vyombo vyao, mpaka muda wake uishe. Kwa Wairaqw, mwanamke ambaye mimba yake iliharibika, au aliyezaa mtoto mfu, alitengwa nyumbani mwake kwa muda mrefu. Msichana aliyepata mimba kabla ya kuolewa alipatwa na makubwa zaidi. Hakuruhusiwa kuzalia nyumbani kwa baba yake, kwa kuwa iliaminika kwamba angeiletea nyumba hiyo na nchi nzima balaa. Alitolewa nje, akaishia porini au kwa watu wa kabila lingine waliokubali kumpokea.

Tukitazama kwa elimu tuliyo nayo leo, tunaona jambo la kuhuzunisha. Kaswende ni mojawapo ya magonjwa yanayoua mtoto tumboni. Basi huenda wako bibi zetu walioambukizwa na waume zao, wakapoteza watoto kwa ugonjwa ambao hawakuujua jina, kisha wakatengwa kana kwamba wao ndio waliokuwa hatari kwa watu.

Tulichoacha na tulichobeba

Wamisionari Wakatoliki walifika Mbulu mwanzoni mwa karne ya 20. Walutheri kutoka Norwe walikuja baada ya Vita Kuu ya Pili, na mwaka 1955 hospitali ya Haydom ikafunguliwa mahali ambapo wakati huo palikuwa pori tupu na vumbi. Wakatoliki nao walijenga hospitali ya Dareda. Tunamshukuru Mungu kwa kazi hiyo. Penisilini iliponya kaswende kwa sindano. Kliniki za kutembelea vijiji, kwa gari na hata kwa ndege ndogo, ziliwafikia akina mama ambao wasingeweza kutembea kilometa arobaini wakiwa na mimba. Na Injili ilimwambia mwanamke aliyetengwa kwamba Kristo hamwoni kuwa najisi.

Hata hivyo, tukipitia historia yetu kwa uaminifu tunakuta makosa mawili.

La kwanza, tuliacha mahali pa wanawake bila kujenga pengine. Marmo ilikuwa imekwisha. Baraza la wanawake wa Kidatoga lilitazamwa na wengi wetu kama jambo la kipagani. Badala yake tuliweka darasa la kipaimara, na ndani ya darasa hilo Amri ya Sita ilifundishwa kwa dakika chache, na mwanaume, mbele ya wavulana na wasichana waliokaa pamoja wakitazama chini. Tulisema "usizini" tukaendelea na Amri ya Saba. Hatukueleza mwili unavyofanya kazi, wala ugonjwa unavyoingia, wala binti afanye nini akitongozwa na mtu mzima mwenye fedha.

La pili, tulidhani tumeacha desturi ya kumtoa msichana nje, kumbe tuliibeba tukaiingiza kanisani. Kijana wa kike alipopata mimba nje ya ndoa, aliwekwa chini ya nidhamu ya kanisa. Alizuiwa kwenye Meza ya Bwana. Alitolewa kwaya. Aliporudi kundini alisimama mbele ya usharika wote. Tulifanya hivyo kwa nia ya kulinda utakatifu, na toba ni jambo la kweli ambalo hatulifutilii mbali. Lakini tujiulize: kijana wa kiume aliyempa mimba alikuwa wapi Jumapili ile? Mara nyingi alikuwa palepale kwenye benchi, na pengine alikuwa akiimba besi. Tumbo lilimshitaki mmoja tu, na sisi tukahukumu kwa kufuata tumbo. Watoto wa usharika wakajifunza somo ambalo hatukukusudia kuwafundisha, kwamba kosa ni kuonekana.

Nao ugonjwa wa zinaa kwa kawaida hauonekani. Kisonono na klamidia kwa mwanamke mara nyingi hukaa bila dalili yoyote, mpaka siku mirija ya uzazi imeziba na anaambiwa ni tasa. Mahali ambapo kosa ni kuonekana, ugonjwa usioonekana umepata nyumba nzuri ya kuishi.

Nchi yetu inafunguka

Wakati huohuo maisha yalibadilika. Katika miaka ya 1970 watu walihamishiwa vijijini. Katika nyanda za Basotu, serikali kwa msaada wa Kanada ilianzisha mashamba makubwa ya ngano, na Wabarabaig wakapoteza makumi ya maelfu ya ekari za malisho yao bora. Kesi ya kijiji cha Mulbadaw dhidi ya shirika la NAFCO ilifika mpaka Mahakama ya Rufani mwaka 1985. Familia nyingi zilitawanyika na mifugo yao kutafuta majani mbali. Watu wa mishahara walikuja, vilabu vya pombe vikafunguliwa, na magulio yakawa makubwa.

Vijana wetu wa kiume nao waliondoka. Wengi walikwenda Mererani kuchimba tanzanaiti, wengine Arusha, wengine machungani kwa miezi. Walirudi wakati wa Krismasi au wa mavuno wakiwa na fedha kidogo na hamu ya nyumbani. Wake zao walikuwa wamewasubiri.

Hapo ndipo ndoa zilipojaribiwa, na hapo ndipo tulipokuwa na maneno machache kuliko yote. Kwa mke tulisema avumilie. Kwa mume tulisema Mungu ambariki safarini.

Namba iliyotufariji

Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walitambuliwa Kagera mwaka 1983. Kufikia 1986 mikoa yote ya Tanzania Bara ilikuwa imetoa taarifa za wagonjwa. Tarehe 31 Desemba 1999 Rais Benjamin Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa, na mwaka 2001 Tume ya Kudhibiti UKIMWI ikaundwa. Mkoa wetu wa Manyara ulizaliwa mwaka 2002 kwa kugawanywa Arusha, na mara tu tulipoanza kuhesabiwa peke yetu tulipata habari iliyotufurahisha. Uchunguzi wa taifa wa 2003–2004 ulionyesha kwamba kati ya watu wazima wa Tanzania asilimia 7 walikuwa na virusi vya UKIMWI. Mbeya ilikuwa na asilimia 13 hivi. Manyara ilikuwa na asilimia 2 tu.

Tuliisikia namba hiyo kama sifa. Tulisema watu wa Mbulu na Hanang' bado wana maadili. Mahubiri mengine yaliijenga hoja hiyo mpaka ikawa kama zaburi ya shukrani: huko mijini wanakufa, sisi Bwana ametulinda.

Lakini katika miaka hiyohiyo watafiti wa Muhimbili na wa Chuo Kikuu cha Bergen, wakishirikiana na hospitali ya Haydom, walifanya kazi katika wilaya zetu, nao walichapisha matokeo yao kati ya 2006 na 2008. Waliwapima wajawazito waliofika kliniki. Virusi vya UKIMWI walivikuta kwa asilimia 2 ya akina mama hao, na kaswende ilikuwa chini ya asilimia 2. Hayo yalilingana na tulivyojisifu. Kisha walipima kitu cha tatu, virusi vya malengelenge ya sehemu za siri. Hivyo walivikuta kwa mama mmoja kati ya kila watano.

Tukae na namba hiyo ya tatu kidogo. Malengelenge haya huenea kwa njia ileile ambayo UKIMWI huenea. Yakishaingia mwilini hayatoki. Vidonda vyake hufungua mlango kwa virusi vya UKIMWI. Maana yake ni kwamba njia za ugonjwa zilikuwa tayari zimefunguliwa kati ya nyumba na nyumba, kati ya gulio na boma, kati ya mgodi na kitanda cha ndoa. Msafiri mmoja mbaya ndiye alikuwa bado hajapita kwa wingi. Watafiti hao waliliita hilo janga la kimya.

Kwa nini basi UKIMWI ulichelewa? Sababu kadhaa zinaonekana, na utakatifu wetu hatuwezi kuuweka wa kwanza. Barabara zetu zilikuwa mbaya na miji ilikuwa mbali. Tena wanaume wa Kiiraqw na wa Kidatoga hutahiriwa, na majaribio yaliyofanyika Afrika Kusini, Kenya na Uganda, ambayo matokeo yake yalitoka kati ya 2005 na 2007, yalithibitisha kwamba tohara hupunguza kwa zaidi ya nusu hatari ya mwanaume kuambukizwa virusi hivyo na mwanamke. Babu zetu hawakuianzisha kwa ajili ya UKIMWI. Ilikuwa rehema tuliyoipata bila kuiomba, nasi tukaigeuza kuwa majivuno. Leo lami imefika Katesh, simu iko mfukoni mwa kila kijana, na umbali uliotulinda haupo tena.

Mama mwaminifu

Wengi wa wajawazito wale waliopimwa walikuwa wake wa watu. Hili ndilo jambo ambalo mahubiri yetu hayajalimeza. Tumezoea kusema ugonjwa wa zinaa ni mshahara wa zinaa. Kwa mama wa namna hii mshahara umelipwa kwa mtu ambaye hakufanya kazi. Yeye alitimiza kila tulichomwambia. Alingoja mpaka ndoa, akamheshimu mumewe, akawa mwaminifu, na aliambukizwa kitandani tulikokubariki wenyewe mbele ya madhabahu.

Zaidi ya hayo, ni yeye anayegundua kwanza, kwa sababu ni yeye anayekwenda kliniki. Akirudi nyumbani na jibu, huambiwa kwamba yeye ndiye aliyeuleta ugonjwa. Kwa hiyo wako wanaoficha. Wako wanaoacha kurudi kuchukua majibu. Wako wanaonunua vidonge vya rangi dukani, wakanywa viwili wakapata nafuu, wakaacha. Mume hakutibiwa, na baada ya mwezi ugonjwa umerudi.

Tunasikia ikisemwa kwamba wanawake wa vijijini hawana ufahamu. Ufahamu unahitajika, na bado haujawafikia wote. Lakini tuseme ukweli kwamba mwanamke aweza kujua kila kitu na bado asiwe na uwezo wa kumwambia mumewe twende tukapime. Bibi yake Mdatoga, asiyejua kusoma, alikuwa na baraza la wenzake nyuma yake. Yeye ana cheti cha kidato cha nne na hana mtu.

Tunajua pia kwamba kutibu magonjwa haya huokoa maisha. Kule Mwanza, kati ya 1991 na 1994, zahanati za vijijini ziliimarishwa ili zitibu vizuri magonjwa ya zinaa ya kawaida: wahudumu walifunzwa, dawa zikawapo, na wagonjwa wakahimizwa kuleta wenzi wao. Katika vijiji vilivyopata huduma hiyo maambukizi mapya ya UKIMWI yalipungua kwa karibu asilimia 40 kuliko katika vijiji vingine. Hakikutumika chombo cha ajabu. Ilitosha dawa ya kawaida, mhudumu asiyemdharau mtu, na mgonjwa aliyethubutu kusema. Na tangu 2004 serikali hutoa bure dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Mama anayezitumia vizuri huishi, na huweza kuzaa mtoto asiye na virusi. Kinachokosekana mara nyingi ni ule ujasiri wa kusema, na ujasiri huo unategemea sana usharika utampokeaje.

Mwanamke wa Marko 5

Tunamjua wote mwanamke yule aliyetokwa na damu miaka kumi na miwili. Tumemhubiri mara nyingi kama mfano wa imani. Mara chache tumesema kwamba ugonjwa wake ulikuwa wa sehemu za siri, na kwamba kwa Torati ya Walawi 15 alikuwa najisi: kitanda chake, kiti chake, na kila aliyemgusa. Mzee wa Kidatoga akisomewa sura hiyo anaielewa haraka kuliko sisi, kwa maana ni metida tupu. Kwa miaka kumi na miwili mama yule alitumia mali yake yote kwa waganga na hali yake ikazidi kuwa mbaya. Hata alipomjia Yesu alikuja kwa nyuma, kwa siri, kati ya watu wengi, kama mama zetu wanavyoingia dukani jioni kununua vidonge.

Yesu angeweza kumwacha aondoke amepona kimya kimya. Lakini alisimama, akauliza ni nani aliyemgusa, akangoja. Mwanamke akaja akitetemeka, akamwambia kweli yote. Wala Yesu hakumuuliza aliupata wapi. Hakumweka kando kwanza. Alimwita binti, mbele ya umati uleule uliokuwa umemtenga, akamruhusu aende kwa amani. Walioambiwa siku ile ni wengi kuliko yeye. Umati nao uliambiwa kwamba huyu ni wa nyumbani.

Basi tukiitwa kutubu kwa historia yetu, toba hiyo ina kazi za kufanya. Tuwarudishie wanawake mahali pao. Kikundi cha akina mama cha kila usharika kiwe na siku ambayo mama muuguzi, na kila wilaya yetu inao waumini wauguzi, anakaa na wenzake bila mchungaji wala mzee wa kanisa wa kiume, akiwafundisha majina ya magonjwa, dalili zake, na kwamba mengine hayana dalili. Wasichana wa kipaimara wafundishwe na wanawake, na wavulana na wanaume, na wote wawili waambiwe ukweli uleule. Katika mafundisho ya ndoa tusiishie kwenye cheti cha kupima kabla ya harusi, kwa kuwa cheti hicho kinasema habari za siku moja na ndoa ni ya miaka. Tuwafundishe wachumba kwamba kwenda kupima pamoja ni tendo la upendo, na kwamba mume anayekataa kutibiwa anamtenda dhambi mkewe. Na nidhamu ya kanisa, kama tutaendelea nayo, isimguse msichana kabla ya kumtafuta yule aliyekuwa naye.

Haya si kuhalalisha uzinzi. Amri ya Sita haijafutwa, na uaminifu katika ndoa ni zawadi ambayo hatuoni haya kuihubiri. Lakini amri hiyo ilitolewa ili kumlinda mtu, na kwa muda mrefu sisi tumeitumia kama fimbo ya kumfukuzia.

Bibi zetu waliotolewa nje hawakuandikwa majina yao popote. Wengine walizalia porini. Wengine walikaa ndani peke yao miezi na miezi baada ya kuzika mtoto. Hatuwezi tena kuwaita warudi. Wajukuu zao wako Jumapili hii katika benchi za nyuma, na baadhi yao wana jambo wanalotaka kusema. Bwana akasimama njiani, na watu wengi wakimsonga, akamngoja mmoja aseme. Nasi tusimame tungoje.